Mjomba, nyengine iko wapi?

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa na ana tabia moja inanitesa, akiuliza swali hukaa kimya akasubiri jibu. Watoto wengine huuliza hili wakarukia lile, huyu hapana, anakutazama tu mpaka useme.

Sasa nilikwenda Chake Chake, Pemba, kumtizama bi mkubwa, mamaangu, skuli zimefungwa, nyumba nzima imeshachoka na huyu mtoto, nikasema ngoja nimtoe. Nikampeleka makumbusho, ile iliyomo ndani ya ngome ya zamani karibu na hospitali. Tumezunguka ndani kaona chumba kilichopambwa kama nyumba ya Kiswahili, kaona habari za magofu ya Ras Mkumbuu hakuzijali sana, lakini nilipomsimulia Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini, na hadithi ya watu kubebeshwa mawe huku wanajiburuza kwa makalio, alicheka mpaka nikaona haya mbele ya wageni. Tukatoka nje. Akasimama chini ya mnara, akanyanyua kichwa, akazunguka upande wa pili, akarudi.

"Mjomba, si umesema hii ngome?"

"Ndio."

"Mbona kona tu? Nyengine iko wapi?"

Nikamwambia imevunjwa. Na nani? Zamani huko, nikasema. Akanitazama. Nikamnunulia maji ya baridi ili yaishe, na kweli yakaisha kwake, kwangu mimi hayakuisha. Nimerudi Unguja na boti, wiki ya kwanza imepita, ya pili, ya tano, kila nikipita Forodhani jioni swali linanirudia kama deni.

## Nilichokuwa nnakijua

Kwanza nikiri kitu. Mimi mtoto wa Chake, nimesoma pale, nimecheza mpira Gombani, na nimefika miaka thelathini na nane ndo naingia ndani ya ile ngome kwa mara ya kwanza. Nimepita nje yake pengine mara elfu kumi.

Habari yenyewe si ndefu. Ngome ni ya Waarabu wa Oman, ya karne ya 18, na wanasema huenda imekaa juu ya msingi wa zamani zaidi wa Wareno. Maandishi ya karne ya 19 yanaieleza kuwa ilikuwa ya mstatili, ina minara minne, miwili ya duara na miwili ya mraba, juu imeezekwa makuti. Ile ya duara ni kawaida mwambao huu, ile ya mraba ndo inayowapa watu shaka kwamba Mreno alitia mkono. (Mreno kwetu Pemba hakosi kutajwa, hata mchezo wa ng'ombe tunaambiwa katuachia yeye.) Halafu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Muingereza, sehemu kubwa ikavunjwa ipatikane nafasi ya hospitali. Ikabaki kona ya mashariki na mnara wake.

Basi. Hilo ndo jibu la mtoto. Nyengine imekuwa hospitali.

Sentensi moja tu na niliweza kumwambia palepale. Sikumwambia kwa sababu nilihisi aibu, na hiyo aibu ndo iliyonikosesha usingizi, maana sikujua namuonea nani aibu.

## Hasira za usiku

Usiku mmoja nikaandika posti nzima kwenye simu. Kali kweli. Kwamba wakoloni wametuvunjia ngome yetu, kwamba Mji Mkongwe umewekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na sisi Chake tumebaki na kona, kwamba angalau wangeacha kuta wakajenga hospitali pembeni, ardhi si ilikuwepo. Nikasoma tena kabla sijairusha, nikakwama kwenye neno moja.

Yetu.

Yetu vipi? Miaka ya 1820 Pemba ilitoka mikononi mwa Mazrui wa Mombasa ikaingia kwa Busaidi, ukoo wa watawala wa Oman, na katika kupokezana huko sijasoma popote kwamba mtu alimuuliza mkulima wa Wawi anamtaka nani. Ngome iko juu ya kilima, chini yake mkono wa bahari ulikuwa unaleta majahazi mpaka karibu na mji. Mtu akiwa juu ya mnara anaona nani anaingia kwa maji, haya, lakini akigeuza shingo anaona mashamba na anatuona sisi. Mzinga nao unageuzwa vilevile.

Sisemi watu wa Chake hawakujificha mle siku ya fitina, huenda walijificha. Ila babu zangu mimi nadhani waliiangalia kama mimi ninavyoangalia kituo cha polisi, unapita upande wa pili wa barabara na mikono unaitoa mifukoni.

Nikaifuta ile posti.

## "Ngome gani, ile ya hospitali?"

Nikampigia bi mkubwa. Huwa nampigia kila siku baada ya isha, kwa hiyo hakushtuka, kashtuka swali.

"Mama, ngome pale mjini unaikumbuka ilivyokuwa?"

"Ngome gani? Ile ya hospitali?"

Ona. Yeye kwake ni ya hospitali. Nikamwambia ndio hiyo hiyo, akacheka, akasema, "Weye si ndo umezaliwa pale."

Nilijua nimezaliwa hospitali ya Chake, cheti kinasema. Lakini sijawahi kuunganisha vitu viwili hivi kichwani mwangu, wallahi. Hospitali ilikuwa kwenye droo moja na ngome kwenye droo nyengine. Bi mkubwa akaendelea bila kuulizwa, kumbe kisa kipo miaka yote hii kinasubiri mtu akigonge.

Ilikuwa usiku wa mvua. Gari ya ng'ombe imewafikisha chini ya kilima na ng'ombe kagoma, kalala kabisa njiani, na baba (Mungu amrehemu) kaacha ng'ombe kaanza kukimbia mbele na taa ya mkono, anakimbia anarudi, anakimbia anarudi, "kama yeye ndo mwenye uchungu." Mama akapanda kilima kwa miguu na bibi kamshika kiuno. Kufika pale kwenye mnara akashindwa. Akasimama. Akaegemea ukuta kwa viganja viwili.

"Ukuta una baridi ule," akaniambia. "Mie nilikuwa nawaka moto. Nikaweka na shavu. Nikakaa hapo sijui muda gani, bibi yako ananiambia twende na mie sitaki kuachia."

Kisha akanyamaza kidogo akauliza kama nimekula.

Sasa niambieni, mtu atoke hapo arudi kwenye posti yake ya hasira. Mimi nimeshindwa. Mawe yale yamevunjwa nikapatikana mahala pa kuzaliwa, na jiwe lililoachwa ndo lililompoza mamaangu. Dada yangu kazaliwa pale. Nusu ya mji imezaliwa pale, na waliofia pale ni wengi pia, nao wanahesabika.

## Fundi akaniharibia tena

Nikadhani yamekwisha. Safari nyengine nimeshuka bandari ya Mkoani, nimepanda daladala ya 603 mpaka Chake, jioni nikakaa barazani na fundi mmoja mtu mzima aliyefanya kazi za kuta za zamani Unguja na Pemba. Nikamwambia habari yangu ya kwamba walivunja kwa faida. Akanisikiliza akinywa kahawa yake.

Akasema, swali lako si hilo. Swali kwa nini hawakuitumia ilivyo.

Akanipigia hesabu za boriti. Nyumba ya mawe ya zamani dari yake inabebwa na miti ya mikoko, na mkoko haukupi urefu unaoutaka, unakupa mita tatu kasoro, basi. Ndo maana vyumba vya nyumba za kizamani ni virefu kama ukumbi lakini vyembamba, upana hauamuliwi na mwenye nyumba, unaamuliwa na mti. Sasa panga vitanda vya wagonjwa kwenye chumba cha hivyo, nesi apite na toroli lake, ukuta mnene usio na madirisha, hewa haitembei, mtu mmoja ana kifua kikuu. "Ngome imejengwa kitu kisiingie," akasema, "na mgonjwa anataka kila kitu kiingie, jua, upepo, watu wake."

Hapo nikakubali. Kisha akaniharibia.

"Lakini hiyo kona iliyobaki," akasema, "unajua kilichoiweka mpaka leo? Kwamba kulikuwa na mtu ndani."

Akanieleza kitu ambacho kila fundi wa kuta za zamani anakijua na mimi sikukijua. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unanyonya maji na kuyatoa, mvua ikinyesha unakunywa, jua likitoka unatoa jasho. Chokaa yenyewe inatoka kwenye mawe hayohayo ya pwani, unayapanga juu ya tanuri la magogo ya minazi, unachoma, unamwagia maji, halafu unailaza. Unailaza miezi. Mwenye haraka hawezi chokaa. Sasa mtu wa siku hizi anaona plasta imebanduka, anakwenda dukani ananunua mfuko wa saruji anapiga, ukuta unapendeza mwaka mmoja. Saruji haipitishi. Maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea, chumvi inapanda, jiwe linalika ndani kwa ndani na nje huoni kitu mpaka siku kipande kizima kinaondoka na saruji yake.

"Jengo linataka mtu wa kuona dari linavuja," akasema. "Liwe jela, liwe ghala, liwe ofisi, hata liwe banda la mbuzi, muhimu kuna mtu mvua ikinyesha anakereka."

Fundi yule hajui kama aliniachia mtihani. Kwa sababu kwa hesabu yake ngome haikuokolewa na umuhimu wake. Imeokolewa na watu waliokereka na matone.

## Ofisini

Watu gani hao? Hapa ndo nikakumbuka shangazi.

Kabla ya kuwa makumbusho kona ile imewahi kuwa ofisi za wizara ya mambo ya wanawake na watoto. Shangazi yangu hapaiti ngome wala hospitali, yeye anapaita "ofisini". Siku moja kwenye mazungumzo mengine kabisa, tunakunja nguo, nikamuuliza ofisini alikuwa akifata nini. Akaniangalia, kisha akaamua kunijibu.

Alikwenda kwa ajili ya matunzo ya watoto wake. Alikuwa ameachwa na watoto wanne na yule bwana ana shamba la mikarafuu na anapita mbele ya mlango wake msimu wa kuchuma na wala hateremki. Sitaeleza yaliyofuata, ni yake. Ila alisema neno nimelibeba mpaka leo.

"Nikakaa kwenye benchi nasubiri kuitwa, nikautazama ule ukuta unene wake, nikajisemea, hapa hata akinifata hanipati."

Karne mbili na zaidi mawe yale yamesimama, na mimi mtu wa kwanza kumsikia kwa masikio yangu akisema amejihisi salama ndani yake ni shangazi yangu, na alikuwa kwenye foleni ya ofisi.

Nikajaribu kukumbuka kama mle ndani makumbusho nimeona popote pametajwa ofisi ile, au wodi, au wale waliokuwa wakipika chai pale. Sikumbuki kuona. Inawezekana bango lipo na mimi nimelipita, mtoto alikuwa akinivuta mkono. Lakini nimewaona masultani wote wamejipanga ukutani, na ndani ya nyumba ileile shangazi yangu alikaa kwenye benchi.

## Huku Unguja

Nikarudi nikaanza kuyatazama majengo ya huku kwa jicho la yule fundi, na hapo mashaka ndo yalipozidi.

Chukua Ngome Kongwe. Waomani wamemtoa Mreno mwaka 1698, wakajenga ngome pale palipokuwa na kanisa lake, na kuta za kanisa zimo humo humo ukijua pa kutazama. Ikawa jela. Ilipojengwa reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa bohari la vifaa. Baadae klabu ya mabibi wa kizungu, watu wanacheza tenisi mle palipokuwa na wafungwa, hebu fikiria. Leo watu wanakwenda kusikiliza muziki Sauti za Busara na kuangalia filamu za tamasha, mchana maduka ya vinyago na tinga tinga. Kila zama imepewa kazi, na imesimama mpaka leo. Fundi angefurahi.

Hatua chache kutoka hapo, Beit al Ajaib. Imejengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ikapigwa mizinga 1896, ikawa ofisi za wakoloni, baada ya Mapinduzi ikawa ya serikali na chama, mwisho makumbusho, jengo ambalo kila mtu duniani akitaja Zanzibar analichora. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukashuka na mnara wake wa saa, watu wakafa, na ilikuwa katikati ya matengenezo. Siku ile nilikuwa Darajani, nimesikia watu wanakimbia nikadhani moto.

Kwa hiyo kupendwa peke yake hakushikilii ukuta.

Lakini na hoja ya "acha watu walitumie" nayo sasa inanitia wasiwasi, maana hebu ifuate mpaka mwisho wake uone inakupeleka wapi. Hospitali ikivunja ngome mimi nimekubali, nimekubali kwa sababu nimezaliwa humo. Mambo Msiige pale Shangani, nyumba ya katikati ya karne ya 19, imekuwa ya wamisheni, imekuwa ya serikali miaka mingi, leo ni sehemu ya hoteli kubwa. Nayo inatumika, tena kuna mtu anakereka kila tone la mvua, wanalipwa kukereka. Mbona pale moyo wangu haukai? Nikasema kipimo ni mlango, nani anaruhusiwa kupita mlangoni. Hospitali anapita kila mtu, hoteli hapiti kila mtu, nikaona nimepata jibu zuri nikaridhika nalo siku mbili.

Siku ya tatu nikaingia Ciné Afrique kununua maziwa.

Wa huku mnajua, ile sinema ya zamani imekuwa supamaketi. Pale anapita kila mtu, mlango uko wazi, hata mtoto mwenye shilingi mia tano. Kwa kipimo changu nilitakiwa nifurahi. Nimesimama na pakiti la maziwa mkononi, nikaangalia juu, nikawaza watu walilia humu na picha za Kihindi na sa hivi kuna rafu za sabuni, na nikahisi kitu kinanikaba. Nikalipa nikatoka.

Kipimo changu kimekufa hapo kwenye kaunta. Sina chengine mpaka leo.

## Picha

Nilimpigia simu mtoto nikamjibu swali lake, kwa kuchelewa kwa miezi. Nikamwambia nyengine imekuwa hospitali, mawe yaliondolewa ikajengwa hospitali, mimi na mama yako tumezaliwa hapo, na bibi yako aliegemea ule mnara. Akauliza aliegemea upande gani. Nikasema sijui, muulize mwenyewe. Akaweka simu akaenda kuuliza kweli, nasikia huku nyuma wanabishana.

Baada ya siku mbili dada akanitumia picha kwenye WhatsApp. Kachora. Ngome nzima, minara minne, miwili ya duara na miwili ya mraba kama nilivyomwambia, makuti juu yamechorwa kwa subira kweli kweli, na katikati ya uwa kaweka hospitali ya ghorofa, ambulensi, kina mama wawili wana matumbo makubwa, nguo za wagonjwa zimeanikwa kutoka mnara mpaka mnara. Pembeni kuna mtu anakimbia na taa. Mbele ya mlango kalala ng'ombe.

Nikaituma kwenye grupu la familia. Shangazi akaandika, "Na benchi langu liko wapi?" Watu wakacheka, mjomba mmoja akaanza kueleza historia ya Wareno hakuna aliyemjibu.

Bi mkubwa haandiki, yeye anatuma sauti. Ikaja sauti ya sekunde nane, nyuma kuku wanalia.

"Mwambieni mtoto kasahau bomba. Lilikuwa hapo hapo chini ya mnara, tukitawadhia."